Punda wa Abla Itidal

Idara ya Elimu ya mkoa, kwa waraka uliopigwa mihuri miwili kwa sababu wa kwanza haukukolea wino, iliwatangazia walimu wote kwamba zama za kukariri zimefika kikomo. Kuanzia mwaka ule wa masomo, mwanafunzi anayemaliza shule ya kati, akitakiwa katika mtihani wa Kiingereza asimulie hekaya, ataisimulia kwa maneno yake mwenyewe. Neno "mwenyewe" lilipigiwa mstari. Waraka ulieleza kuwa taifa linahitaji vijana wanaofikiri, na kwa hiyo kila mwalimu aunakili kwa mkono, neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza, aubandike ukutani mwa darasa lake.

Mit Rayhan ni mji mdogo wa pamba katikati ya mifereji ya Nile, na mwalimu wa Kiingereza katika shule yake ya wasichana alikuwa Abla Itidal. Abla ni kama kusema dada mkubwa. Ndivyo wasichana wa huko wanavyomwita mwalimu wa kike hata akiwa na umri wa kuwazaa mama zao, na wengi wa mama hao Abla Itidal alikuwa amewafundisha. Aliunakili waraka kwa mwandiko wake wa kusimama wima, akasahihisha alama mbili za mkato zilizokaa pasipostahili, akaubandika. Kisha akaenda nyumbani akiwa na jambo moja la kumuuliza mumewe.

"Maneno yao wenyewe," alisema, akivua viatu mlangoni. "Sawa. Lakini watayatoa wapi?"

Haji Mitwalli alikuwa mstaafu wa idara ya umwagiliaji. Alikuwa amekaa barazani akigawa maganda ya tikiti kwa bata. "Kwani hawana?"

"Ya Kiarabu wanayo, mpaka yanawamwagika. Ya Kiingereza kila walilonalo nimewapa mimi."

"Basi yatakuwa yako, Mama Hazim. Wao wameazima."

"Maneno hayaazimwi, Haji. Ukishampa mtu neno, wewe bado unalo na yeye analo."

"Ingekuwa pensheni inaenda hivyo," alisema Haji Mitwalli, akawarudia bata wake.

Kwa nini Abla Itidal aliyachukulia maneno ya Kiingereza kwa uzito ambao wengine huuweka kwenye mahari, ni jambo linalotaka kurudi nyuma kidogo. Baba yake alikuwa mpima mizani kwenye kinu cha kuchambulia pamba, mtu ambaye hakuwahi kusema "kama" wala "takriban" katika maisha yake. Binti alikwenda chuo cha ualimu akiwa wa kwanza katika ukoo wao kufanya hivyo. Muhula wa kwanza mhadhiri mmoja, aliyerudi majuzi kutoka Uingereza na mwavuli, alimsimamisha ukumbini asimulie hekaya yoyote kwa Kiingereza. Akasimulia. Katika sentensi yake ya kwanza mbweha alikuwa amekwisha kula kuku, anakula kuku, na atakula kuku, yote kwa pamoja. Ukumbi ulicheka. Mhadhiri hakucheka, alifanya vibaya zaidi, alitabasamu. Msichana wa Mit Rayhan alikaa chini, na kabla kiti hakijapata joto alikuwa ameshajiwekea nadhiri kwamba hakuna mtoto wa kike kutoka mjini kwao atakayechekwa tena kwa ajili ya mbweha.

Nadhiri hiyo aliitimiza kwa njia yake. Alitunga hekaya moja, fupi, akaisafisha mpaka hapakubaki mahali pa kuchekea.

Hekaya yenyewe ilikuwa hivi. Palikuwa na punda aliyezungusha gurudumu la kuvutia maji, amefungwa kitambaa machoni. Kila jioni alimwambia mbuzi: Leo nimetembea mpaka Kairo. Siku moja mbuzi akamuuliza: Umeona nini huko? Punda akanyamaza.

Kwa Kiarabu au Kiswahili ni jambo la pumzi mbili. Kwa Kiingereza, Abla Itidal alitumia mfungo mzima wa Ramadhani, tena akiwa bado bibi harusi, na jirani zake wakadhani anajifunza dua. Kiingereza hakimkubali punda aingie hivi hivi. Lazima atanguliwe na kijineno kinachotangaza kwamba huyu hajulikani bado. Akishatajwa mara moja, kijineno hicho hubadilishwa na kingine, kwa kuwa sasa ni jamaa. Ukimpa punda mgeni kijineno cha jamaa, msikilizaji huuliza, punda yupi? Kisha kuna suala la kama punda ni mtu au kitu. Kiingereza humhesabu mnyama pamoja na viti na masufuria, lakini Abla Itidal aliamua kwamba yeyote anayejisifu apewe heshima ya kuitwa kama mwanamume. Kisha kusema na kuambia. Kiingereza kinavitenganisha kwa ukali: mtu anaweza kusema peke yake chooni, lakini kuambia kunataka wa kuambiwa. Mbuzi yupo, basi punda anaambia. Na kutembea kwake: alitembea, alikuwa akitembea, au alikuwa ametembea? Hapo mwalimu alikwama kuanzia kumi la kwanza mpaka la mwisho.

Haji Mitwalli, aliyekuwa kijana wakati huo na bado anajaribu kumpendeza mkewe, alikuwa na pingamizi moja tu la kitaalamu. "Huku kwetu gurudumu hukokotwa na nyati wa kufugwa. Punda ni wa kubebea."

"Nyati hajisifu," alisema mkewe. "Umewahi kumwona nyati anajisifu?"

Alifikiri kwa haki. "Hapana. Nyati ana haya."

Basi punda akabaki, na akabaki kwa miaka yote iliyofuata. Ijumaa baada ya swala, wasichana walikuja nyumbani kwa masomo ya ziada, wakakaa kwenye viti vya sebuleni vilivyofunikwa shuka ili visichakae, na kila mmoja akapewa fungu la mlenda. Hii ndiyo ilikuwa namna ya kazi ya Abla Itidal na hakuna aliyemtoa kwayo. Mikono ilichambua majani, ulimi ulisimulia punda. Aliyekosea aliongezewa fungu. Mwalimu aliamini kuwa mikono isiyo na kazi huingilia sarufi. Pia aliamini, na hili alilikazia zaidi, kwamba hakuna ruhusa ya kugusa hekaya kwa Kiingereza kabla ya kwenda kwanza nyumbani kumsimulia mama yako kwa Kiarabu, vyovyote utakavyo, mpaka mama acheke au alale. Jinsi walivyosimulia huko majumbani hakuuliza kamwe. Ile ilikuwa kazi ya mama. Yake ilianzia kwenye kijineno cha kwanza.

Mlenda wa nyumba ile ulikuwa umechambuliwa kuliko mlenda wowote katika Delta, na wanafunzi walisambaa duniani. Mmoja aliajiriwa uwanja wa ndege wa Kuwait. Mmoja aliolewa Kanada. Afisa uhamiaji alipomuuliza kama anazungumza Kiingereza, aliweka mkoba chini, akamsimulia punda mwanzo mpaka mwisho, na afisa akagonga mhuri. Abla Itidal aliisimulia habari hiyo kwa utulivu, kama mtu anayetaja hali ya hewa, lakini aliisimulia mara nyingi.

Kwa hiyo waraka ulipokuja hakuona kwamba unamhusu sana. Wasichana wake walikuwa na maneno. Yalikuwa mazuri, yalikuwa yao, na hayakuwa na kasoro.

Mwaka ule alikuwapo msichana aitwaye Nashwa, mwembamba, mwepesi wa kunyamaza, binti wa kondakta wa basi la Tanta. Baba yake alikuwa ametamka mbele ya jirani, na kwa hiyo hakuweza tena kurudi nyuma, kwamba Nashwa akipata alama za kuingia sekondari ya elimu ya jumla atasoma mpaka achoke. Asipopata, kuna cherehani ya shangazi yake inamngoja tayari imetiwa mafuta. Alama za Kiingereza ndizo zilizokuwa zikitazamiwa kumvusha. Abla Itidal alijua hivyo na akawa anampa mafungu makubwa ya mlenda bila kosa lolote.

Mtihani ukaja. Swali la hekaya likaja pia: simulia, kwa maneno yako mwenyewe, hekaya ya mnyama anayejisifu. Wasichana wa Mit Rayhan walitazamana kwa furaha ya siri, wakainama, wakaandika.

Wiki mbili baadaye mkaguzi kutoka idara alishuka kwenye teksi mbele ya shule, amebeba karatasi za mtihani zilizofungwa kwa kamba. Aliitwa Ustadhi Wagdi. Alikuwa na koti la rangi ya majivu, na uso wa mtu aliyekwisha kuambiwa uongo mwingi na anausubiri mwingine. Aliwakusanya mwalimu mkuu na Abla Itidal ofisini, akazitandaza karatasi mezani.

"Someni."

Hawakuhitaji kusoma. Kila karatasi ilikuwa na punda, kitambaa, Kairo na mbuzi. Vijineno vyote vilikuwa mahali pake. Hata kituo baada ya neno la mwisho kilikuwa kimebonyezwa kwa nguvu ileile.

"Wasahihishaji wangu wana uzoefu," alisema Ustadhi Wagdi. "Wameona watoto wakiangalizia jirani. Hapo makosa ndiyo hufanana. Hapa kilichofanana ni usahihi. Hii haitokei. Kuna mtu aliwasomea jibu kutoka nje kwa kipaza sauti."

Hilo halikuwa wazo la kipuuzi. Katika miji mingine wazazi walishakamatwa chini ya madirisha ya shule wakiwasomea watoto hesabu kwa kipaza sauti, na mmoja aliomba watoto watulie kidogo wamsikie vizuri. Tena asubuhi ya mtihani kipaza sauti kilisikika kweli Mit Rayhan. Kilikuwa cha Ami Zaghlul, mnunuzi wa vyombo chakavu, anayezunguka mitaa na mkokoteni wake. Ami Zaghlul aliitwa. Alikuja na kofia mkononi.

"Siku ya mtihani ulipita hapa?" aliuliza mkaguzi.

"Napita kila siku, Ustadhi."

"Ulisema nini kwenye kipaza sauti?"

"Nilisema friji bovu, mashine ya kufulia mbovu, redio, betri."

"Kwa Kiingereza?"

Ami Zaghlul aliwatazama walimu mmoja mmoja, akitafuta nani anayemtania. "Nikisema kwa Kiingereza nani ataniuzia friji?"

Alionekana kuwa mkweli kupita kiasi, akaruhusiwa kwenda zake. Mlangoni aligeuka kuuliza kama feni ile ya ukutani bado inafanya kazi.

Akabaki Abla Itidal. Jambo lilikuwa limemkaa vibaya na alikuwa ameshaliona lote. Akikanusha kwamba walikariri, inabaki kuwa ni wizi wa mtihani, na karatasi zote zinafutwa. Akikiri kwamba walikariri, waraka uko pale pale ukutani kwa mwandiko wake mwenyewe, na karatasi zote zinafutwa. Karatasi ya Nashwa ilikuwa ya tatu kutoka juu.

"Hakuna kipaza sauti," alisema. "Maneno ni yangu. Nimeyachagua mimi, moja moja, kabla hawa hawajazaliwa, nikawapa."

"Basi siyo yao."

"Ustadhi, hilo koti umelishona wewe?"

"La."

"Ni la nani?"

Ustadhi Wagdi alijitazama. "Waraka hauzungumzii makoti, Abla." Lakini alikaa chini, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu afike. Alipekua karatasi. "Nitawahoji watatu. Wasimulie kwa namna nyingine, hapa, mbele yangu. Wakiweza, wanajua wanachokisema. Wakishindwa, nafuta zote. Na wewe utakaa pale kwenye kona, mikono mapajani, usifungue mdomo."

Abla Itidal alikwenda kwenye kona. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi kukaa na wanafunzi bila ruhusa ya kusahihisha.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Safinaz, binti wa mwuza vitambaa, msichana asiyejua haya. Mkaguzi alimwambia asimulie kwa Kiingereza lakini kwa maneno mengine. Safinaz alifungua mdomo, na punda akatoka vilevile, na kitambaa chake, mpaka Kairo.

"Maneno mengine," alisema Ustadhi Wagdi.

"Haya ndiyo sahihi, Ustadhi. Mengine yatakuwa siyo sahihi."

Mkaguzi aliandika kitu. Wa pili, Ghada, alisimulia hivyo hivyo, akalia kidogo kabla ya mbuzi. Mkaguzi akaweka kalamu chini. Alikuwa mtu wa haki kwa namna yake ya kuchosha, akataka awape nafasi ya mwisho kabla ya kufunga kamba.

"Nisimulieni kwa Kiarabu basi. Nijue tu kama mnaelewa ni punda gani huyo."

Safinaz alicheka, akasogeza kiti. Kwa Kiarabu punda wake alikuwa jike, kapaka hina kwatoni, na mbuzi alikuwa mama mkwe wake. "Kila jioni anaulizwa, ulikuwa wapi wewe mwanamke? Naye anajibu, Kairo, mama, nimekwenda kununua rangi ya kucha. Mama mkwe anamwambia, na mbona kucha hazina rangi? Basi hapo ndiyo ananyamaza, atasema nini?"

Mwalimu mkuu aliziba mdomo kwa mtandio. Ghada akafuta machozi, akasema wa kwake siyo huyo. Wa kwake ni punda aliyewahi kuwa na cheo kwenye kinu cha pamba na bado anataka aitwe Mheshimiwa. Kule kwenye kona, Abla Itidal alikuwa akiwatazama wanafunzi wake kama mtu aliyegundua kwamba nyumba yake ina chumba ambacho hajawahi kukifungua. Kila Ijumaa alikuwa amewatuma kwa mama zao. Hakuwahi kuuliza walichopeleka.

Wa mwisho alikuwa Nashwa. Alisimama badala ya kukaa, vidole vyake vikichambua upindo wa mkono wa sare kana kwamba ni jani.

"Wa kwako yukoje?" aliuliza mkaguzi. Sauti yake ilikuwa imepungua ukali, na alijua, ikamuudhi.

"Wa kwangu anajua," alisema Nashwa.

"Anajua nini?"

"Kwamba anazunguka tu. Kitambaa kina tundu. Kila akizunguka anamwona mbuzi yuleyule, mti uleule. Lakini mbuzi amefungwa kamba, Ustadhi. Hajawahi kwenda popote. Kutwa nzima anamngoja punda arudi amwambie alikokwenda. Sasa punda amwambie nini, nilikuwa hapa hapa?"

Nje, kipaza sauti cha Ami Zaghlul kilipita mbali kikitaja betri.

"Hii umemsimulia nani?"

"Mama. Abla anataka tumsimulie mama kwanza." Nashwa alichambua kidogo. "Mama anaumwa magoti, hashuki ngazi siku hizi."

"Akasemaje?"

"Akasema, mwambie punda siku nyingine aende Aleksandria, Kairo tumeshaizoea."

Ustadhi Wagdi alitazama karatasi ya tatu kutoka juu kwa muda. Kisha akasema, polepole, kama mtu anayefungua mlango asiotaka ulie: "Hayo ya tundu. Niambie kwa Kiingereza."

"Abla hajatufundisha hayo."

"Ndiyo maana nataka."

Kwenye kona Abla Itidal alifumba macho. Alikuwa akikiona kile kinachokuja vizuri kuliko mtoto mwenyewe: njia panda zote, na kila moja ina mhadhiri mwenye mwavuli. Mikono yake mapajani ilitamani mlenda.

Nashwa alianza. Alisema punda anajua. Akasimama. Akarudi nyuma, akasema punda alijua. Akatikisa kichwa, kwa kuwa huko kujua hakukuanza jioni ile mbuzi alipouliza. Kulianza kabla, kukawa kunangoja. Kiingereza kina mahali pa kuweka jambo lililopita kabla ya lililopita, hatua moja nyuma ya jana, na wengi hupapita bila kupaona. Nashwa alipaona. Akamrudisha punda hatua moja, akasema: alikuwa amekwisha jua. Midomo ya Abla Itidal ilicheza bila sauti.

Neno la Kiingereza la kutoboka hakuwa nalo. Akalitafuta, vidole vikienda mbio kwenye upindo wa sare, asilipate. Akalizunguka: katika kitambaa mlikuwa na tundu. Tundu, mara ya kwanza, likapewa kijineno cha mgeni. Kupitia tundu hilo, sasa la jamaa, alikuwa amemwona mbuzi kila siku. Lakini hakumwambia. Hapo alisita mara ya mwisho, kati ya kusema na kuambia, akamtazama mwalimu wake, ambaye macho yake bado yalikuwa yamefumbwa na hakumsaidia. Akachagua kuambia. Mbuzi yupo.

Ilikuwa sentensi ndefu, yenye vilima, na alifika mwisho wake akiwa amesimama.

Ustadhi Wagdi aliiandika. Aliomba irudiwe, akaiandika tena vizuri zaidi. Aligeuka kwenye kona. "Ina kosa?"

"Umeniambia nisifungue mdomo."

"Fungua."

"Haina," alisema Abla Itidal. Aliinuka, akainyoosha sketi yake, akatembea mpaka mezani kuiona ilivyoandikwa. "Wewe umekosea herufi kubwa kwenye Kairo. Yeye hana kosa."

Mkaguzi aliisahihisha Kairo. Kisha akaandika kwenye ripoti yake kwamba hapakuwa na kipaza sauti, kwamba wanafunzi wanaelewa wanachokiandika, na kwamba karatasi zipewe alama zinazostahili. Alizifunga kwa kamba ileile. Mlangoni alisema, bila kumtazama mtu, kwamba mwaka wote hajasikia punda kama yule.

Alama zilipobandikwa, kondakta wa basi la Tanta alisimamisha basi lenye abiria mbele ya shule, akashuka kusoma jina la binti yake, akapanda tena. Abiria walilalamika. Aliwaambia binti yake anakwenda sekondari ya elimu ya jumla na mwenye haraka ashuke. Cherehani ya shangazi ilikwenda kwa binamu.

Jioni ile Abla Itidal alikaa barazani na mumewe, akawagawia bata maganda kwa mkono wake, jambo ambalo bata walilishangaa.

"Punda bado anazunguka?" aliuliza Haji Mitwalli.

"Kitambaa chake kina tundu."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani, inaonekana. Mimi ndiye nilikuwa sijui." Alitia sukari kwenye chai, akakoroga zaidi ya ilivyohitajika. "Hatua moja nyuma ya jana, Haji. Peke yake. Mimi nilikwama hapo karibu Ramadhani nzima, na nilikuwa na chuo."

"Ulikuwa na mume pia, anakuambia mambo ya nyati."

"Sikumsaidia hata kwa nyusi. Nilifumba macho kabisa nisije nikamsaidia kwa nyusi."

Haji Mitwalli alimtazama mkewe, akaona kwamba anatabasamu, na kwamba ni tabasamu ambalo hajalionesha kwa Kuwait wala kwa Kanada. Akampa kipande cha tikiti kilichokuwa cha bata.

Ijumaa za mwaka uliofuata ziliendelea, na mlenda ukaendelea, lakini kulikuwa na mabadiliko. Kila msichana aliruhusiwa kuleta sentensi moja kutoka kwa mama yake, akaitia kwenye Kiingereza mwenyewe, na mwalimu hakuongeza fungu mpaka sentensi iishe. Sebule ilijaa punda wenye hina, punda wastaafu, na punda mmoja aliyekwenda hija akasahau kurudi. Baadhi ya sentensi zilivunjika katikati. Abla Itidal alizishika vipande, akaziunga pamoja na msichana mwenyewe, na kazi hiyo ilimchukua mpaka magharibi. Alikuwa akilalamika kwa jirani zake kuhusu uchovu, kwa sauti ambayo jirani hawakuamini.

Idara nayo haikukaa kimya. Ripoti ya Ustadhi Wagdi ilipanda ngazi, ikasomwa, ikapendwa. Kabla ya mtihani uliofuata, shule zote za mkoa zilipokea kijitabu chembamba chenye jalada la kijani, kiitwacho Kwa Maneno Yangu Mwenyewe. Ndani yake mlikuwa na hekaya ya punda, yote, na sentensi ya Nashwa mahali pake, na herufi kubwa kwenye Kairo. Abla Itidal aliletewa nakala yake na mjumbe maalumu. Aliisoma akiwa amesimama, hakupata kosa, akaiweka kwenye kabati la vioo sebuleni, mbele ya glasi za wageni, wasichana waione wakichambua.

Nakala ya wasahihishaji ilikuwa na ukurasa mmoja zaidi. Ulisema kwamba pale ambapo maneno ya mwanafunzi mwenyewe yatapishana na yaliyomo kitabuni, apunguziwe alama mbili kwa kila neno.